Mnana wa Kilifi na Ardhi ya Dakatcha

Mazungumzo yetu leo ni juu ya ndege. Najua wapo watakaosema: bei ya unga iko pale ilipo, karo ya shule inadaiwa, nawe watuletea habari za ndege? Naomba subira yenu kwa dakika hizi chache. Siwezi kumzungumzia ndege huyu bila kutaja ardhi, mkaa, mananasi na haki za watu wa Kilifi, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba mambo hayo hayatengani.

Ndege mwenyewe ni mnana. Minana tunawajua sote. Ndio wale wanaochana makuti na majani kufuma viota vya kuning'inia, na ndio wale ambao watoto wetu hutumwa shambani kuwaamia mpunga unapoanza kuiva. Lakini huyu ninayemsema leo hana kesi na mpunga wa mtu. Wataalamu humwita mnana wa Clarke, na jina lake la kisayansi ni Ploceus golandi. Dume ana kichwa cheusi na mgongo mweusi, tumbo la manjano, na mbawa zilizochorwa michirizi ya manjano. Jike ni wa kijani juu na manjano chini. Huishi kwa makundi, juu kabisa kwenye vilele vya miti, wakipekuapekua matawi na magome kutafuta wadudu na viwavi. Kundi likikupitia msituni utawasikia kabla ya kuwaona, na ukishainua macho wamekwisha kuhamia mti wa tatu.

Nje ya Kaunti ya Kilifi, hakuna mahali pengine popote duniani ndege huyu anapojulikana kuishi. Ukitaka kumwona itakubidi uje Pwani ya Kenya, na hata huku kwetu itakubidi uende kwenye misitu miwili mitatu tu. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo mashakani amewekwa miongoni mwa wale walio hatarini kutoweka. Akiisha Kilifi, ameisha duniani.

Anayejulikana zaidi ni yule wa Arabuko-Sokoke, ule msitu unaouona upande wa bara ukitoka Kilifi kuelekea Malindi. Una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ikiwa kitu kimoja miongoni mwa misitu mikavu ya mwambao wa Afrika Mashariki. Ndani yake mna sehemu za namna tatu. Pana msitu mchanganyiko wenye mibambakofi na miti mingine mikubwa. Pana msitu wa udongo mwekundu, wenye miti iliyosongamana, anamoishi bundi mdogo wa Sokoke. Na pana msitu wa mirihi, unaoota juu ya mchanga mweupe, miti imeachana, jua linapenya mpaka chini, na majani yakichipua upya huwa mekundu kama shaba kabla ya kugeuka kijani. Mnana wetu ni wa mirihi. Pasipo mrihi hakai.

Ndege huyu aliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi mwaka 1913. Mwingereza aliyemwandika, Stephenson Clarke, alimpa jina la nduguye aliyeitwa Goland. Tangu hapo, miaka ikapita, kumi baada ya kumi, na swali moja likabaki bila jibu: anataga wapi? Wapenda ndege kutoka pembe zote za dunia walikuja Arabuko wakiwa na darubini na vinasa sauti. Wengi walidhani viota viko juu ya mirihi, mahali ndege mwenyewe anaposhinda kutwa. Walitafuta wasione. Kuna majira ambapo makundi yaliadimika Arabuko, kisha yakaonekana tena yakifuatana na makinda ambao wamekwisha kujua kuruka. Ilikuwa dhahiri kwamba kuna mahali wanakwenda kuzaa.

Jibu lilipatikana mwaka 2013, miaka 100 tangu ndege apewe jina, na halikupatikana Arabuko. Lilipatikana Dakatcha, ng'ambo ya Mto Sabaki, na waliolipata ni wanajamii wa huko huko walioungana katika kikundi cha kuhifadhi msitu wao, pamoja na wenzao wa shirika la Nature Kenya. Viota havikuwa juu ya mirihi. Vilikuwa chini, katika kinamasi cha msimu, vimefumwa kwenye ndago na manyasi marefu yaliyosimama majini. Ndege anayeishi vileleni, ambaye humwoni ila kwa kukunja shingo, wakati wa kuzaa hushuka akafuma nyumba yake juu ya maji.

Kwa sisi watu wa Pwani jambo hili halipaswi kuwa gumu kulielewa. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza hurudi kwao akajifungulie kwa mamake, na hakuna anayesema kwamba kwa kuwa ameolewa Kilifi basi Malindi si kwao tena. Mnana huyu naye ana makao na ana kwao. Unaweza kuulinda msitu wa Arabuko kwa walinzi, kwa uzio na kwa sheria, lakini ukiviacha vinamasi vya Dakatcha vikakauka na kulimwa, utabaki na ndege wazima wanaozeeka bila warithi, mpaka siku watakapokwisha.

Basi Dakatcha ni wapi, na iko mikononi mwa nani? Ukivuka daraja la Sabaki ukaingia Magarini, ukapita Marafa, unaanza kuikuta. Wageni wengi hufika Marafa kuyatazama yale makorongo ya Nyari yaliyochongwa na mvua, wakapiga picha, wakarudi Malindi. Wachache huendelea mbele, kwenye nchi ya mirihi na vichaka, yenye mabonde madogo yanayojaa maji mvua ikinyesha na kukauka kiangazi kikiingia. Nchi hiyo inakaliwa zaidi na Wagiriama, wakulima na wafugaji. Na hapa ndipo palipo tofauti yake na Arabuko: Arabuko ni msitu wa serikali, una askari wake na ofisi zake. Sehemu kubwa ya Dakatcha si hifadhi ya mtu. Ni ardhi ya watu, na nyingi katika hiyo imekaa miaka na miaka bila kupimwa wala kuandikishwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nayo inapotea. Kinachoipunguza kwanza ni mkaa. Kwa asiyejua, mkaa huanza hivi. Mti hukatwa kwa shoka au kwa msumeno wa injini, ukakatwakatwa magogo, magogo yakapangwa yakibanana, yakafunikwa kwa manyasi kisha kwa udongo, na kutiwa moto upande mmoja. Tanuri hufuka kwa siku kadhaa. Mchomaji halali usingizi wa kutosha, maana udongo ukipasuka hewa ikaingia, moto utalipuka na kazi yote itageuka jivu. Moshi ule anauvuta yeye. Ukishapoa, mkaa hujazwa magunia, yakafungwa midomo kwa majani na kamba, yakapakiwa pikipiki mpaka barabarani, na lori likayachukua kwenda Malindi na Mombasa. Katika safari yote hiyo, aliyekata mti na kuvuta moshi ndiye anayebaki na sehemu ndogo ya fedha. Na mrihi uliokatwa kwa asubuhi moja ulikuwa umesimama pale tangu babu yake yuko hai.

Kinachofuata ni shamba. Nanasi hupenda mchanga usiotuamisha maji, na udongo wa mirihi ndio huo. Mkulima hufyeka, akapanda, na mavuno ya mwanzo yakamtia moyo. Lakini rutuba ya mchanga ule iko juu juu, kwenye majani yaliyooza miaka mingi chini ya miti. Ikishatumika haina wa kuirudisha. Baada ya misimu michache mananasi huanza kupungua ukubwa, na mkulima husogea mbele kufyeka kipande kingine. Nyuma yake hubaki mchanga mweupe na visiki. Na kule mabondeni, kinamasi kinapoanza kukauka, watu huwahi unyevu wakapanda mahindi, na ng'ombe na mbuzi wakashuka kunywa na kula yale manyasi mabichi. Ndago zikikanyagwa kabla makinda hawajaota mbawa, uzazi wa mwaka mzima umekwenda.

Ningependa nieleweke vizuri hapa. Sisemi haya kumlaumu mchoma mkaa wala mpanda mananasi. Mtu mwenye watoto wanaofukuzwa shule kwa karo, mwenye shamba lisilopata mvua miaka miwili mfululizo, atakata mti, na mimi na wewe tungekuwa mahali pake tungeukata. Ninachosema ni kwamba anaukata kwa hasara yake mwenyewe, na kwamba sisi wengine ndio tunaomnunulia shoka kila tunapolipia gunia bila kuuliza limetoka wapi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mazingira hawalisemi mara nyingi, nalo ni la historia. Mwaka ule ule wa 1913, ndege huyu alipokuwa akiandikwa jina huko Ulaya, Mekatilili wa Menza, kiongozi wa upinzani wa Wagiriama, alikuwa akizunguka katika makaya yao, yale makazi matakatifu ya wahenga yaliyo ndani ya misitu, akiwaapisha watu wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Waingereza. Waingereza walimkamata pamoja na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka mbali, Kisii, nao wakatoroka wakarudi kwa miguu. Mwaka uliofuata, 1914, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Na miongoni mwa mambo makubwa waliyokuwa wakiyataka wakoloni ni hili: Wagiriama wote waliokuwa kaskazini ya Mto Sabaki wahame, waiache nchi ile, warudi kusini. Nyumba zilichomwa moto, watu wakauawa, wengine wakavushwa mto kwa nguvu. Ilipita miaka kadhaa ndipo wakaruhusiwa kurudi.

Kaskazini ya Sabaki, msikilizaji, ndiko kuliko Dakatcha. Kwa hiyo mtu yeyote anapokuja huko na ramani mkononi akisema msitu huu lazima ulindwe, wazee wana haki ya kumwuliza: ulindwe kutoka kwa nani? Katika masikio ya familia iliyowahi kuvushwa mto kwa mtutu wa bunduki, neno hifadhi linaweza kusikika kama neno hama. Na hofu hiyo haikuishia enzi za ukoloni. Karibu na mwaka 2010 ulikuja mpango wa kampuni ya kigeni kupanda mbono kaburi, ule mmea ambao wengine huuita jatrofa, kwa ajili ya mafuta ya kuendeshea mitambo. Eneo lililotajwa lilikuwa hekta zipatazo 50,000 za Dakatcha. Yaani msitu wenye mirihi, vinamasi na makaburi ya mababu ulikuwa ufyekwe, eti kwa faida ya mazingira ya dunia. Wanakijiji walikataa. Walisimama pamoja na mashirika ya kuhifadhi mazingira na ya kutetea haki, wakapiga kelele mpaka zikasikika Nairobi na Ulaya, na mwishowe mpango ule haukupita.

Tafakari jambo hilo. Mnana wetu asingekuwa na mahali pa kutaga leo kama watu wa Dakatcha hawangetetea ardhi yao. Hawakusimama kwa ajili ya ndege. Wakati ule hata hapakuwa na aliyejua kwamba ndege anazaa pale. Walisimama kwa ajili ya mashamba yao, malisho yao na mababu zao, na katika kusimama huko wakamwokoa na ndege. Mimi naamini kwamba njia ya kumlinda kesho ndiyo ile ile iliyomlinda jana: mwenye ardhi awe na uhakika kwamba ardhi ni yake.

Sheria ipo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii mwaka 2016. Sheria hiyo inairuhusu jamii kujiandikisha, kuchagua kamati, kupimiwa ardhi yake na kupewa cheti kwa jina la jamii nzima, na kujiwekea kanuni za kuitumia. Kilichobaki ni kuitekeleza mashinani: maafisa wa ardhi wafike vijijini, wapimaji waje, migogoro ya mipaka isikilizwe, na vikao vifanywe kwa lugha ambayo nyanya wa kijijini anaielewa. Jamii yenye cheti inaweza kukaa chini ikaamua: mirihi ya upande huu haikatwi, wakati ndege wanapofuma katika kinamasi hiki, mifugo watanyweshwa upande ule, atakayevunja atatozwa faini na wazee. Jamii isiyo na cheti itawezaje kumzuia mwenye lori?

Wala Wagiriama hawahitaji kufundishwa maana ya kulinda msitu. Makaya ya Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, yamelindwa na wazee kwa karne kadhaa, kwa miiko iliyokataza kukata hata kijiti, na mwaka 2008 dunia nzima iliyatambua kuwa urithi wake, chini ya UNESCO. Ukifika penye kaya leo utaona miti mikubwa imesimama huku mashamba yameizunguka pande zote. Utaratibu wa kuulinda msitu, viapo vyake na adhabu zake, ni mali ya hapa hapa nyumbani.

Lakini cheti peke yake hakiwezi kuivisha ugali. Mti uliosimama lazima ulete kitu nyumbani, na hapa Arabuko ina la kutufunza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi wa majirani wa msitu ule walitaka ufyekwe, wagawiwe mashamba. Waliona ndovu wakitoka usiku kula mahindi, na faida hawakuiona. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo, wenye makao yake Gede. Mkulima hunasa kipepeo jike msituni, akamweka kwenye kizimba chenye mmea anaoupenda, akatunza mayai, akalisha viwavi majani mpaka wajigeuze pupa. Pupa hao husafirishwa hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ambamo watu hulipa kiingilio wawaone vipepeo. Fedha zikaanza kuingia katika nyumba za Gede kwa sababu msitu umesimama. Tangu 2001, shirika la A Rocha Kenya nalo limekuwa likitoa karo za sekondari kwa watoto wa majirani wa msitu, kwa fedha zinazotokana na wageni na wafadhili. Mzazi ambaye mtoto wake amesomeshwa na msitu humsikiliza mtu anayemwambia asikate mti.

Dakatcha inaweza kupata yake. Maua ya mrihi yanapendwa na nyuki, na asali ya msituni ina soko. Kuna watazamaji wa ndege watakaovuka bahari kuja kumwona mnana asiyepatikana kwingine, mradi tu wawe na mwongoza njia wa kijijini, mahali pa kulala, na barabara inayopitika wakati wa mvua. Mashirika ya Nature Kenya na A Rocha Kenya yameanza kununua vipande vya ardhi huko ili visifyekwe, na ni jambo la kushukuru. Lakini huwezi kuinunua Dakatcha yote, na wala si vyema inunuliwe yote. Walio wengi watabaki juu ya ardhi yao, na wao ndio watakaoamua.

Sasa nizungumze na kila mmoja kwa nafasi yake. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Kilifi, vinamasi vya Dakatcha viwekeeni kanuni mkishauriana na wenyeji, na mtenge fedha za kupima ardhi yao. Walimu wa Magarini, mwambieni mtoto wa darasa la nne kwamba ndege anayemrushia jiwe kwa manati huenda hayuko mahali pengine popote duniani. Wakulima wa Kilifi na Malindi, mnaojua kupanda mivinje kwa ajili ya nguzo, pandeni na miti ya kuni, gunia litoke shambani badala ya msituni. Na sisi wa mijini, tunaopika kwa mkaa kila siku, tumwulize muuzaji mkaa huu umetoka wapi. Akisikia swali hilo kwa wateja kumi, atamwuliza mwenye lori. Na tunaoweza kupunguza, kwa jiko linalookoa mkaa au kwa gesi, tupunguze.

Wasikilizaji wapenzi, yako mambo mengi duniani ambayo tunaweza kuwaachia wengine. Simba akipungua Kenya, bado yuko Tanzania. Ndovu wako katika nchi nyingi. Mnana huyu hana nchi nyingine. Hakuna serikali ya nje, hakuna kaunti jirani, inayoweza kumtunza kwa niaba ya Kilifi. Watu wa Dakatcha wameshafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila mshahara na bila kushukuriwa. Kuwapa haki ya ardhi yao, na kuhakikisha kwamba msitu wao unawalisha, ndio mchango wetu sisi wengine, na wakati wa kuutoa ni sasa, kabla masika mengine hayajaingia na ndege hawajaanza kufuma.